Vikombe Kumi na Vitano

Jambo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi za Kiswahili ni jambo la lawama: namna tunavyoamua nani mwenye kosa, na kosa lake ni kubwa kadiri gani. Ni jambo la kila siku. Katika shule ya bweni haipiti asubuhi bila mtu kuuliza, "Nani amefanya hivi?" na mwingine kujibu, "Si mimi," au, "Sikukusudia." Walimu huhukumu, viranja huhukumu, nasi wengine twahukumu kuliko wao, ila baraza letu hukaa usiku vitandani baada ya taa kuzimwa. Nami nasema kwamba wengi wetu, wakubwa kwa wadogo, twahukumu vibaya, tena kwa njia moja: kosa twalipima kwa ukubwa wa hasara.

Mswisi mmoja, Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980, alitumia miaka mingi mjini Geneva akiwauliza watoto maswali. Hakuwauliza hesabu wala tarehe za wafalme. Alikaa nao wakicheza gololi, akajifanya hajui mchezo, akawauliza kanuni zake zimetoka wapi na kama zaweza kubadilishwa. Mwaka 1932 alitoa kitabu juu ya hukumu za watoto katika mambo ya mema na mabaya, na wengi waliopita chuo cha ualimu wamepata kusikia hadithi mbili zilizomo. Nazieleza kwa maneno yangu.

Ya kwanza ni ya mtoto aliyeitwa kwenda kula. Akasukuma mlango aingie. Nyuma ya mlango palikuwa na kiti, na juu ya kiti sinia lenye vikombe kumi na vitano, yeye hakujua. Mlango ukalipiga sinia, vikombe vyote vikavunjika. Ya pili ni ya mtoto ambaye, mama yake alipotoka, alipanda juu ya kiti ili achukue jamu kabatini kwa siri. Jamu ilikuwa juu mno, na katika kujinyosha akakigusa kikombe kimoja, kikaanguka kikavunjika. Je, kati ya hawa wawili mbaya zaidi ni nani?

Watoto wengi wa miaka sita na saba walimjibu Piaget bila kusita kwamba mbaya zaidi ni yule wa kwanza, kwa kuwa amevunja kumi na vitano. Si kwamba hawakuifahamu hadithi. Walijua kwamba hakuviona vikombe, na walipoulizwa walisema hivyo hivyo kwa vinywa vyao. Lakini kumi na vitano ni vingi, na kimoja ni kimoja. Wa miaka tisa na kumi ndio waliosema kwamba wa kwanza hana kosa maana aliitwa kula, bali wa pili alikuwa akifanya asiloruhusiwa. Piaget aliona kwamba jibu la kuhesabu vikombe lilikuwa, kwa wastani, la watoto wa miaka 7, na jibu la kutazama nia la watoto wa miaka 9.

Mna hadithi nyingine humo inayonichekesha kila niikumbukapo. Mtoto mmoja anarudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba amekutana njiani na mbwa mkubwa kama ng'ombe. Mwingine anamwambia mama yake kwamba mwalimu amempa alama nzuri, na hakumpa. Nani mwongo mbaya zaidi? Wadogo walisema ni yule wa mbwa, kwa sababu hakuna mbwa mkubwa kiasi kile, lakini alama nzuri zaweza kupatikana! Kwao uongo ni mbaya kwa kadiri unavyokwenda mbali na ukweli, wala si kwa kadiri unavyokusudia kumdanganya mtu. Ningekuwa mimi mwalimu mkuu, ningeisoma hadithi hii siku ya kutoa ripoti za mwisho wa muhula.

Haifai kumaliza habari ya Piaget bila kusema kwamba waliomfuata walimkosoa, na kwa haki. Katika hadithi ya vikombe mwenye hasara kubwa ndiye asiye na nia mbaya, na mwenye nia mbaya ana hasara ndogo. Mambo mawili yamefungwa pamoja, na mtoto mdogo akisikiliza hulishika lile linalopiga kelele. Watafiti wa baadaye walipoyatenganisha, na kuionyesha nia kwa picha zilizochorwa wazi, hata watoto wa miaka mitatu na minne waliitazama nia. Kwa hiyo si kweli kwamba mtoto mdogo hana habari ya nia. Anayo. Mdogo wako akikukanyaga, atakwambia "si kusudi" kabla hajajua kuhesabu mpaka ishirini. Taabu yake ni kwamba vikombe kumi na vitano vina mshindo mkubwa, na nia haina sauti.

Sasa nauliza: mshindo huo sisi tuliacha lini kuusikia?

Piaget mwenyewe aliona kwamba katika hukumu zile za watoto wazazi walikuwa na sehemu yao. Mama wengi hukasirikia vikombe kumi na vitano kuliko kikombe kimoja, bila kuuliza habari ya mlango, na mtoto husoma katika uso wa mama kosa ni kubwa kiasi gani. Mwaka 1966 huko Marekani, Elaine Walster aliwapa watu wazima habari ya kijana aliyeegesha motokaa yake juu ya kilima, ikabiringika yenyewe mpaka chini. Kijana alikuwa yule yule, na breki zile zile. Kilichobadilika ni mwisho tu: wengine waliambiwa hasara ilikuwa ndogo, wengine kwamba ilikuwa kubwa. Walioambiwa habari ya hasara kubwa walimtwika kijana dhima kubwa zaidi. Wengine waliolirudia jaribio hili hawakupata jibu lile lile kila mara, nami sitaki kulifanya msahafu. Lakini mtu aliyekaa katika bweni lolote muhula mmoja hahitaji kwenda Marekani kulishuhudia.

Tuseme kuna mwembe nyuma ya bweni na maembe yameanza kuiva. Wavulana kumi wanayarushia mawe. Wamerusha tangu Jumatatu, na kiranja wa bweni amewaona akapita, pengine yeye mwenyewe akapewa embe. Jumamosi jiwe la mmoja lapenya katika matawi, lavuka ua na kuvunja kioo cha dirisha la mwalimu. Au, Mungu apishie mbali, lampiga mtoto wa mpishi kichwani. Mara ile wale tisa wanageuka kuwa mashahidi. Wanasimama mstari mmoja mbele ya ofisi na kueleza walivyomwona fulani akirusha. Fulani anarudishwa nyumbani wiki mbili, barua inatangulia kwa mzazi wake, na wale tisa wanabaki na maembe.

Tazameni jambo hili vizuri. Mkono uliolirusha jiwe lile haukuwa na ubaya kupita mikono ile tisa. Wote walijua kuna dirisha, wote walijua kuna watoto wanaopita. Tofauti ni tawi moja ambalo halikulizuia jiwe. Ikiwa kurusha mawe kuelekea nyumba za watu ni kosa, na ni kosa, basi lilikuwa kosa Jumatatu, nao walilikosa wote kumi. Na kama Jumatatu halikuwa kosa, sioni namna tawi la mwembe lilivyoweza kuligeuza kuwa kosa Jumamosi.

Upande wa pili, tuseme mwanafunzi ametumwa na mwalimu kupeleka hadubini kutoka maabara mpaka darasani. Ameishika kama alivyofundishwa, mkono mmoja shingoni na mwingine chini ya kitako. Mvua imenyesha, sakafu ya baraza imelowa, anateleza, hadubini yaanguka na kuvunjika. Bei yake ni kubwa, na kwa sababu hiyo tu ndugu yetu huyu anaitwa mzembe mpaka shule ifungwe. Angalikuwa amebeba kifutio cha ubao akateleza pale pale, tungalimwambia pole na kumpangusa matope. Nani kati yetu anayecheka watoto wa Geneva?

Sheria za nchi zetu, angalau kwa maandishi, zina subira kuliko sisi. Sheria za jinai za Uganda, Kenya na Tanganyika ziliandikwa mwaka 1930 kwa mfano unaofanana, na zote tatu zasema kwamba mtu hana hatia ya jinai kwa tendo lililotokea bila hiari yake, wala kwa tukio la ajali, isipokuwa pale sheria yenyewe inapoutaja uzembe. Tena kuna umri ambao chini yake mtoto hashitakiwi kabisa. Hapa Uganda ni miaka 12, tangu sheria ya watoto ya mwaka 1996. Tanzania ni miaka 10, na aliye chini ya 12 hahukumiwi ila ithibitishwe kwamba alijua analofanya ni baya. Kenya ilikaa muda mrefu na miaka 8, mpaka sheria ya mwaka 2022 ilipoipandisha kufika 12. Lakini hata sheria nayo hugeuka kuisikiliza hasara. Anayemfyatulia mwenzake bunduki akamwua aweza kuhukumiwa kufa. Anayefyatua kwa nia ile ile akakosa, kwa kuwa mtu aliinama kufunga kamba za kiatu, hawezi kuhukumiwa kufa. Wanasheria wana sababu zao, na baadhi ni nzuri, lakini wenye nia sawa wametenganishwa na kamba ya kiatu.

Najua watakalosema viranja. Watasema, "Tukiyafuata maneno haya, kila mtu atasema ni bahati mbaya, na mwisho wa mwaka shule haitakuwa na sahani wala kioo." Neno lao si la kupuuzwa. Mwaka 2016 wataalamu kadhaa walitangaza matokeo ya uchunguzi waliofanya katika jamii kumi za dunia, wakiuliza nia ina uzito gani katika kuhukumu kosa. Waliona kwamba uzito huo haulingani mahali pote. Walipouliza habari ya mtu aliyetia sumu katika maji ya watu wote, Wahadza wa Tanzania na Wahimba wa Namibia walisema ni ovu la mwisho, kama amekusudia au hakukusudia. Msomaji wa haraka atasema, ah, hao wahesabu vikombe. Sivyo. Mahali ambapo maji ni ya kutafutwa kwa taabu, anayeyachezea bila kuangalia amekwisha kosa kabla mtu yeyote hajayanywa. Kuna vitu ambavyo kutoangalia kwenyewe ni ubaya, na kadiri kitu kilivyo cha hatari ndivyo mtu anavyopaswa kuwa na macho.

Basi jibu langu kwa viranja ni hili. Mtu akisema "sikukusudia", shauri halijaisha hapo. Sharti aulizwe: uliangalia kama ambavyo mtu wa umri wako, mwenye kazi kama yako, alipaswa kuangalia? Aliyebeba hadubini kwa mikono miwili aliangalia. Angaliibeba kwa mkono mmoja huku akila andazi, angalikuwa mzembe, na uzembe una adhabu yake. Lakini uzembe huo ungalikuwapo hata kama asingeteleza, na kiranja aliyemwona na andazi mkononi alipaswa kumsimamisha pale pale. Hapo ndipo penye kazi ya kiranja. Kungoja mshindo wa kioo ndipo uanze kuandika majina ni kazi ambayo hata asiyeona, mwenye masikio mazuri, aweza kuifanya.

Bado kuna hadubini iliyovunjika, na shule haiwezi kuinunua nyingine kwa huruma. Hapa nataka twende kwa wazee, maana wao walilijua jambo ambalo sisi tumelisahau: kulipa ni neno moja, kulaumiwa ni neno jingine.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya Wakikuyu kilichotoka mwaka 1938, ameandika kwamba mtu akiuawa, baraza la wazee lilishughulika na fidia, na fidia ilikuwa ile ile, aliyeua awe amekusudia au ni ajali: mbuzi au kondoo 100, ama ng'ombe 10, kwa mwanamume; kwa mwanamke 30, ama ng'ombe 3. (Dada zetu watauliza hesabu hiyo ilipigwa na nani, nasi tutanyamaza.) Mzungu wa zamani akiyasoma haya aliweza kusema kwamba wazee hawakuijua nia. Mimi naona walikuwa wakijibu swali jingine. Nyumba imepungukiwa na mtu. Mashamba, mahari na watoto havina habari ya kwamba mkuki ulirushwa kwa bahati mbaya. Waliofiwa lazima wasimamishwe tena, na ukoo mzima wa aliyeua hutoa mifugo, kwa kuwa hasara yapita nguvu za mmoja.

Waislamu wanalo jambo la namna hii wazi zaidi. Sura ya Wanawake katika Kurani hutenga kuua kwa makosa na kuua kwa kusudi. Aliyeua kwa makosa hauawi, bali diya yapelekwa kwa jamaa za marehemu, nao waweza kusamehe. Na asiye na uwezo wa kumwacha huru mtumwa hufunga miezi miwili mfululizo. Katika sheria ya wanazuoni diya hiyo huchukuliwa na jamaa wa aliyeua, si yeye peke yake. Wakristo nao wakumbuke miji sita ya makimbilio katika Torati, na yule mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata kuni, shoka likachomoka mpinini na kumwua mwenzake. Hakuwa na chuki naye, kwa hiyo mji ulimpokea na mlipiza kisasi hakuweza kumgusa. Hata hivyo hakurudi nyumbani siku ile. Alikaa mjini humo mpaka kuhani mkuu alipokufa. Hakuwa mwuaji, lakini mtu alikuwa amekufa mkononi mwake, na jambo hilo halikufanywa kama kwamba halikutokea.

Tukiliingiza shuleni, maana yake ni daftari mbili. Moja ni ya vilivyovunjika: kitu gani, siku gani, bei yake, na nani atalipa, ama yeye mwenyewe, ama mfuko wa shule, ama wote kidogo kidogo kwa kuwa kitu kilikuwa cha wote. Ya pili ni ya makosa, na katika hiyo bei haiandikwi. Aliyeteleza na hadubini ataonekana katika daftari ya kwanza, wala jina lake halitaingia katika ya pili. Wale kumi wa mwembe wataingia wote katika ya pili, na kioo kitalipwa na wote kumi katika ya kwanza, maana wote walinunua bahati nasibu ile ile. Katika shule nyingi daftari hizi ni moja. Mhasibu na mwalimu wa nidhamu wanaandika katika ukurasa mmoja, na ndiyo maana mtoto wa tajiri aliyevunja kwa kusudi hulipa siku ile ile akarudi darasani akitabasamu, na mtoto wa maskini aliyevunja kwa ajali hutembea na deni kama mwizi. Hili la pili limenikera miaka mingi kuliko yote niliyoyataja.

Msinifahamu vibaya nikadhaniwa nasema aliyevunja kwa ajali aende zake akipiga mluzi. Mwingereza mmoja mwenye hekima, Bernard Williams, aliandika katika miaka ya 1970 juu ya dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote lake. Dereva huyo, alisema, atakuwa na huzuni ambayo watazamaji wa kando ya njia hawana, nasi tutamwambia asijilaumu, na tutafanya vema kumwambia. Lakini tukimwona amekubali haraka mno, tutamtazama kwa shaka. Ni kweli. Kwetu dereva wa namna hiyo huenda matangani, au hutuma wazee wake wakiogopa hasira za wafiwa, na hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba kwa kwenda kwake amekiri hatia. Amekwenda kwa sababu alikuwapo. Kadhalika mwanafunzi wa hadubini akienda kwa mwalimu na kusema, "Mwalimu, samahani, hadubini imevunjikia mikononi mwangu," amefanya la kiungwana. Ole wetu ikiwa maneno hayo ndiyo yatakayotumika kumhukumu! Kiranja anayeyageuza maneno ya namna hiyo kuwa ushahidi atajikuta baada ya muhula mmoja anatawala bweni ambalo vitu huvunjika vyenyewe usiku.

Limebaki jambo la adhabu ya wote, nalo ndilo litakalonipatia maadui. Mtu mmoja ameandika matusi ukutani, hajulikani, hakuna anayemtaja. Basi bweni zima hufyeka nyasi Jumamosi. Sababu inayotolewa ni methali, kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni ya muuza samaki, naye ana haki, maana samaki hawezi kuulizwa alikuwa wapi jana usiku. Piaget aliwauliza watoto wake hata hili. Wadogo walisema wote waadhibiwe, kwa sababu wote wana kosa la kutomtaja mwenzao. Wakubwa kidogo walijibu mengine: baadhi walisema kwamba darasa likikubaliana lenyewe kumficha mwenzao, basi limejichukulia adhabu kwa hiari, wengine kwamba asiyejulikana asiadhibiwe, maana kuwaadhibu wasio na kosa ni dhuluma kubwa kuliko kumwacha mwenye kosa.

Mimi nasimama na hao wa mwisho. Wazee wetu walikwisha kuonja adhabu ya wote kutoka kwa watawala. Kenya ya kikoloni ilikuwa na sheria iliyoitwa hivyo hivyo, ya adhabu za pamoja, na katika miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952, ng'ombe na mbuzi wa vijiji vizima walichukuliwa kwa sababu mtu fulani hakutajwa. Miaka mitatu kabla yake, 1949, mataifa yalikuwa yametia sahihi mkataba wa kuwalinda raia wakati wa vita, na ndani yake imekatazwa kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe, na kukatazwa kabisa adhabu za pamoja. Mkataba huo uliandikwa Geneva, mji ule ule wa vikombe. Ikiwa jambo limekatazwa kwa jeshi lililoteka nchi ya adui, sioni vizuri linavyoweza kuruhusiwa kwa kiranja wa zamu mwenye kitabu cha majina na kalamu nyekundu.

Kulipa kwa pamoja ni jambo jingine, kama nilivyosema, nami silikatai. Kuta zikichafuliwa zapakwa rangi kwa fedha za wote, na hata kuzisugua kwa pamoja ni kazi ya nyumba yetu. Nalikataa lile jina, "adhabu", na ile sauti inayotumika kulitangaza.

Katika mkutano ujao wa viranja nitaleta shauri la daftari mbili, na ninaomba atakayepinga alete mfano wake, si sauti yake. Na ningependa kusikia kwa wanafunzi wa zamani. Wengi wao walikuwa viranja hapa, na sasa wako mahakimu, madereva, walimu na wazazi wa watoto wanaovunja vikombe. Kama yupo aliyekaa katika bweni lililoadhibiwa lote kwa kosa la mtu mmoja, amwandikie mhariri wa sehemu hii: je, mwenye kosa alijulikana mwishowe, na kama alijulikana, alijulikana kwa sababu ya nyasi zile au kwa njia nyingine?